UZI: Mruko mzima ndani ya picha moja. Kuunganisha picha za mfululizo, kwa wapiga picha wa Dar

#1 Lenzi_ya_Pwani

Wakuu, salaam.

Mnazifahamu hizi picha: kijana mmoja yuko ufukweni, lakini ndani ya picha yupo mara sita. Hapa anakimbia, pale anajikunja, katikati yuko kichwa chini miguu juu, mbele kidogo anafunguka, mwisho anatua. Nikiweka moja mtandaoni swali linalokuja ni "kaka, hiyo programu gani?" Nimeona nifungue uzi, nimwage nilichonacho chote hapa.

Programu yoyote yenye leya (picha zinazopangwa moja juu ya nyingine) na maski (kifuniko cha kuficha au kuonyesha sehemu ya leya) inatosha, hata ya bure. Kwangu mimi picha hii inapatikana au inakosekana kwa mambo mawili: ulivyojipanga uwanjani kabla mchezaji hajaanza kukimbia, na ni fremu ngapi, yaani picha moja moja za mfululizo, uko tayari kuzitupa ukirudi nyumbani. Wanaoanza wanapenda kutumia zote. Kamera imetoa ishirini, basi ishirini zote zinabandikwa, na kinachotoka ni rundo la mikono na miguu ambalo hakuna anayeweza kulisoma. Kazi ya picha hii ni kumwonyesha mtu jinsi mwili unavyokwenda hewani, jambo ambalo jicho haliwahi kulikamata. Ukiijaza, umemnyima mtazamaji kile kile alichokuja kukiona.

Mfano wangu mkubwa utakuwa vijana wa sarakasi wa Coco Beach. Pale ni ufukwe wa wote, na jioni za mwisho wa wiki utawakuta mazoezini. Waombeni ruhusa kwanza, na picha ikikamilika watumieni. Vijana wale wanajituma sana, na picha nzuri ya mruko wake mwenyewe ni kitu ambacho mtu anakitunza.

Naendelea.

#2 BintiUpanga

Nimeshika siti ya mbele kabisa. Endelea kaka.

#3 Mdau_Mbagala

Natia nanga. Mimi nina Canon 2000D, nisaidie kujua kama nami nimo au uzi huu ni wa wenye mitambo mikubwa.

#4 Lenzi_ya_Pwani

Umo mkuu, nitakufikia. Tuanze na uwanjani.

Mchezaji apite mbele yako kutoka kushoto kwenda kulia au kinyume chake, ubavu wake ukiwa kwako. Akija kukuelekea, miili yote inarundikana sehemu moja. Ndiyo maana kubinuka kinyumenyume kwa kusimama palepale, ingawa kunapendeza kwa macho, hakufai hapa: anapanda na kushuka kwenye nafasi ile ile na fremu zinafunikana. Mwombe aanze na hatua chache za mbio, aweke mikono chini, kisha abinuke. Ule mwendo wa kwenda mbele ndio unaozitenganisha fremu.

Upana upime kabla. Kwa kamera zenye sensa (kipokea mwanga) ya saizi ya APS-C, ambazo ndizo wengi wetu tunazo, lenzi ikiwa kwenye 18mm na wewe ukiwa mita 10 kutoka mstari wa kukimbilia, unapata upana wa kama mita 12. Ukivuta hadi 24mm unabaki na kama mita 9. Chora mstari mchangani kwa kisigino, mwambie anaanzia hapa na kutua pale, piga picha moja ya majaribio uone pande zote mbili zimo. Juu acha nafasi kubwa kuliko unavyodhani inatosha, kwa sababu mtu aliyesimama hakuonyeshi atafika wapi akiwa hewani.

Kamera ikae kwenye stendi. Kandamiza miguu ya stendi mpaka iguse mchanga mgumu, na kama kuna upepo ning'iniza begi katikati yake. Tumia rimoti kama unayo. Asiye na stendi anaweza kushika mkononi, programu itazilinganisha fremu baadaye, ila asisogeze nyayo hata kidogo, kwa sababu ukihama hatua moja vitu vya karibu na vya mbali vinabadilishana nafasi na hapo hakuna programu ya kukuokoa.

Sasa pale penye uzito: kufunga kila kitu. Ukiiachia kamera ijiamulie, mchezaji mwenye fulana nyeusi akifika katikati, kamera inadhani kuna giza na kuongeza mwanga. Akitoka, inapunguza. Kila fremu inakuja na anga ya rangi yake, na ukizibandika, kila mwili unazungukwa na doa. Kwa hiyo weka modi ya M (unapanga kila kitu mwenyewe), chagua ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) mwenyewe, waiti balansi (mpangilio wa rangi ya mwanga) iwe ya jua na siyo otomatiki. Fokasi ielekeze kwenye ule mstari uliouchora, ikishika, geuza swichi ya lenzi kwenda MF (fokasi ya mkono) na usiiguse tena. Kama lenzi ina kizuia mtikisiko na uko kwenye stendi, kizime.

Namba za kuanzia, jua la alasiri likiwa wazi: shata (muda wa kupokea mwanga) sekunde 1/1600, apacha (tundu la lenzi) f/8, ISO 400. Ukiona giza panda ISO, shata usiiguse. Mtu anayekwenda mita 6 kwa sekunde husogea chini ya milimita 4 ndani ya 1/1600. Ukishuka hadi 1/250 anasogea milimita 24, na mkono unaozunguka husogea zaidi ya hapo, vidole vinakuwa ukungu.

Anza kubonyeza kabla hajaingia kwenye fremu na uachie akishatua na kusimama. Kisha, kabla hujagusa chochote, piga fremu mbili tupu zisizo na mtu. Fremu hiyo tupu ndiyo sakafu ya picha yako yote.

#5 Mdau_Mbagala

Hii 2000D inatoa fremu 3 tu kwa sekunde mkuu. Mtu akiruka si atakuwa ameshatua?

#6 Lenzi_ya_Pwani

Tupige hesabu. Mwili ukiinuka nusu mita, unakaa hewani kama sekunde 0.64 kupanda na kushuka. Kwa fremu 3 kwa sekunde unampata hewani mara mbili hivi. Canon 700D yenye fremu 5 itampata mara tatu, na 7D Mark II yenye fremu 10 mara sita.

Mara mbili zinasikika chache, lakini usihesabu hewani peke yake. Mbio, mikono chini, kuruka na kutua, tukio zima linachukua kama sekunde mbili, na hapo una fremu sita. Fremu sita ndani ya mita 9 ni picha iliyotimia. Ugumu wa kamera yako ni kwamba huna cha kuchagua, unapokea kilichoangukia. Ikikosekana ile ya kichwa chini, mwombe kijana arudie mpaka iangukie.

Ila kuna jambo silikubali hata kidogo: kuchukua fremu ya kichwa chini kutoka mruko wa pili na kuichomeka kwenye mruko wa kwanza. Picha hii inamwambia mtazamaji "huu ni mruko mmoja". Ukichanganya miruko miwili, mkao wa mwili haufuatani tena, na wanaojua sarakasi wataliona hilo kabla ya wote.

Mwenye fremu 10 ana tatizo la upande wa pili. Kwa mita 6 kwa sekunde, mchezaji husogea sentimita 60 tu kati ya fremu na fremu, kwa hiyo miili inapandana. Huyo lazima atupe. Mimi huanza na fremu ya kilele, pale mwili ulipo juu kabisa na umbo lake linasomeka. Hiyo haitoki. Kisha naenda kushoto kutafuta ya karibu ambayo haiigusi, halafu kulia vivyo hivyo, mpaka nifike miisho yote miwili. Mkono kugusa mguu wa fremu ya jirani navumilia. Kichwa kufunikwa, sivumilii.

Na kuhusu RAW, yaani faili ghafi na zito la kamera: kamera ndogo zikipiga RAW mfululizo, bafa (kumbukumbu ya muda ya kamera) hujaa haraka na mwendo unashuka katikati ya mruko. Kama umefunga mwanga vizuri, JPEG, faili la picha la kawaida, inatosha kabisa kwa kazi hii.

#7 DadaKimara

Samahani jamani, na sisi wenye simu tu?

#8 Fundi_Mwenge

Dada, hapo niachie mimi. Usitumie picha, tumia video. Video ya 4K ina fremu za pikseli 3840 kwa 2160, yaani megapikseli 8 na kidogo kila moja, inatosha kwa mtandaoni na hata kuchapisha saizi ya wastani. Rekodi kwa fremu 30 au 60 kwa sekunde, hamishia kwenye kompyuta, kisha zitoe fremu kwa programu ya bure ya ffmpeg. Amri ni hii:

ffmpeg -i ruka.mp4 -vf fps=10 fremu_%03d.png

Hapo umeiambia ikutolee picha 10 kwa kila sekunde. Ukitaka chache andika fps=5.

Watu wanaogopa kwamba video ya simu itakuwa na ukungu. Juani haina shida hiyo, kwa sababu kamera ya simu kwa kawaida apacha yake haibadiliki, kwa hiyo mwanga ukiwa mwingi simu inapunguza kwa kuharakisha shata. Jioni ikishaingia ndipo ukungu unaanza. Nenda mapema.

#9 Lenzi_ya_Pwani

Fundi ahsante sana. Niongeze mawili. Simu nayo ifungwe mwanga: kwenye simu nyingi ukikandamiza kidole kwenye kioo kwa sekunde kadhaa, fokasi na mwanga vinajifunga. Na kama simu iko kwenye stendi, zima kile kituliza video cha ndani ya simu, kwa sababu kinakata na kuvuta kila fremu kivyake na kukuvuruga wakati wa kulinganisha.

#10 Mzee_wa_Magomeni

Vijana, nimefurahi kuona mjadala huu. Nilifundisha fizikia, na picha hizi zilikuwa silaha yangu darasani, basi niwape asili yake kidogo.

Mwaka 1878 Eadweard Muybridge, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alipanga kamera 12 kando ya njia ya farasi huko Palo Alto, California. Farasi alipopita alikata nyuzi na kila kamera ikafyatuka kwa zamu. Ndipo ikaonekana wazi kwamba farasi akikimbia kuna wakati kwato zote nne ziko hewani. Lakini zile zilikuwa picha 12 mbalimbali.

Anayewahusu ninyi zaidi ni Mfaransa Étienne-Jules Marey. Mwaka 1882 alitengeneza kamera yenye umbo la bunduki iliyopiga picha 12 kwa sekunde moja. Mwaka huo huo akaanza kupiga mikao yote kwenye bamba moja la kioo: mtu aliyevaa nyeupe anapita mbele ya ukuta mweusi, na shata inafunguka na kufunga mara nyingi. Naye akakutana na hilo hilo la kupandana. Alipoongeza idadi ya picha, miili ikafunikana. Alichofanya ni kumvika mtu nguo nyeusi mwili mzima, kisha akamtia mistari inayong'aa kwenye mikono na miguu. Bamba likaonyesha mistari tu, na mwendo ukasomeka. Kwa hiyo kijana wetu anaposema tupeni fremu, anafuata njia ya wakubwa.

Baadaye, miaka ya 1930, Harold Edgerton wa chuo cha MIT, Marekani, akatumia taa inayomweka mara nyingi kwa sekunde, akapata mchezaji wa gofu na fimbo yake ikizunguka yote ndani ya fremu moja, gizani.

#11 Lenzi_ya_Pwani

Shikamoo mzee. Hiyo ya mistari ya Marey sikuijua, nimeipenda mno. Ahsante kwa darasa.

Twende kwenye kompyuta. Ninatumia GIMP, programu ya kuhariri picha, kwa sababu ni ya bure na kila mtu hapa anaweza kuipata. Mwenye Photoshop atafuata njia hiyo hiyo.

Kwanza punguza saizi kama laptopu yako haina nguvu. Picha ya megapikseli 24 ikifunguliwa inakula kama megabaiti 72 kwa kila leya, hiyo ni kwa rangi za biti 8. Leya nane ni karibu megabaiti 580 kabla hujafanya lolote, na maski na historia ya kurudi nyuma zinaongeza juu yake. Kwa matumizi ya mtandaoni upana wa pikseli 3000 unatosha.

Kisha fungua fremu zako zote pamoja kwa amri ya Open as Layers. Ile tupu iweke chini kabisa, nyingine zipange kwa mfuatano wa tukio, ya mwisho ikiwa juu. Kama ulitumia stendi, tayari zimelingana. Kama ulishika mkononi, Photoshop ina Auto-Align Layers, na kwa wa GIMP kuna programu ya bure ya Hugin inayokuja na kifaa cha kulinganisha.

Kila leya isipokuwa ile ya chini ipe maski nyeusi. Mtu anatoweka, usishtuke. Chukua brashi nyeupe yenye kingo laini, paka pale mchezaji alipo, naye anarudi. Huna haja ya kumkata ukifuata ukingo wa nywele na vidole. Mandhari ya nyuma yake ni ile ile kwenye fremu zote, kwa hiyo ukipaka ukazidi kidogo nje ya mwili, mchanga unakutana na mchanga na hakuna anayeona. Hapa ndipo utakapoona faida ya kufunga mwanga: aliyefunga anamaliza kwa raha, asiyefunga anahangaika na madoa usiku kucha.

Sehemu inayotaka mkono wa polepole ni pale miili miwili inapokaribiana. Kuza picha, punguza brashi, geuza kingo ziwe ngumu kidogo, na uamue nani yuko mbele. Mimi humweka mbele yule wa baadaye, ili jicho lisafiri kuelekea anakotua.

Uliyesahau fremu tupu, kuna njia. Kwenye Photoshop ingiza fremu zote kama Smart Object moja (kifurushi kimoja cha leya) kisha chagua Stack Mode ya Median. Programu inachukua kwa kila pikseli thamani ya katikati, na kwa kuwa mchezaji yuko mahali pamoja kwenye fremu chache tu, anafutika mwenyewe na kubaki ufukwe.

#12 BintiUpanga

Kaka nimejaribu leo kwa fremu tano za mdogo wangu. Zimekaa vizuri lakini anaonekana kama amebandikwa, haelei wala hasimami. Tatizo liko wapi?

#13 Lenzi_ya_Pwani

Vivuli, dada yangu. Nimeiangalia picha yako, umepaka mwili ukaishia kwenye nyayo. Jua la alasiri pale Coco Beach liko mgongoni kwako unapotazama bahari, kwa hiyo kivuli chake kinaangukia upande wa majini, na akiwa hewani kivuli kinaachana na miguu. Kitafute kwenye kila fremu, kiko chini yake na nyuma yake kidogo, ukipake nacho. Kivuli kilichoachana na mwili ndicho kinachomwambia mtazamaji kwamba huyu yuko juu.

Jambo la pili nililoliona ni maji. Mawimbi hayasubiri mtu: kwenye kila fremu povu liko mahali pengine, na ulipopaka karibu na maji povu limekatika nusu. Brashi yako isivuke mstari wa maji ila pale mwili wenyewe ulipo. Bora zaidi nenda maji yakiwa yamekupwa. Siku za bamvua, mwezi mwandamo au mwezi mpevu, bahari inarudi mbali, unapata mchanga mpana na mgumu, vijana wenyewe wanaupenda kwa kuruka, na mawimbi yanakuwa mstari mwembamba huko nyuma.

#14 Fundi_Mwenge

Na alfajiri je? Pale jua linachomoza baharini, mtu anakuwa mweusi tii.

#15 Lenzi_ya_Pwani

Fundi, hapo umegusa njia rahisi kuliko zote. Mwili mweusi mbele ya anga angavu hauhitaji maski karibu kabisa. Panga leya, kisha kila moja ibadilishe kutoka Normal kwenda modi ya Darken. Programu inalinganisha pikseli kwa pikseli na kubakiza iliyo nyeusi zaidi. Anga ni angavu, mwili ni mweusi, miili yote inajitokeza yenyewe. Kwa mtu mweupe mbele ya giza, kama wale wa Marey, tumia Lighten.

Angalizo ni bahari tena. Darken itakusanya kila kivuli cha kila wimbi na maji yatakuwa machafu. Kwa hiyo shusha kamera chini karibu na mchanga, mwili wa mrukaji ubaki angani juu ya upeo wa bahari, na sehemu ya maji uifunike kwa maski ili ibaki ya fremu moja.

Uwe umeshajipanga kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Jua likishapanda kidogo anga inapoteza rangi upesi.

#16 Kalamu_Posta

Niko kwenye chumba cha habari, niseme kitu bila kumvunja mtu moyo. Picha hizi zikiletwa kwetu kama picha za habari, sizipokei. Mhariri akiona mchezaji mmoja mara tano, anajua kuna kitu kimeongezwa. Mnawafundisha vijana kuchezea picha.

#17 Lenzi_ya_Pwani

Kalamu, hoja yako ni nzito na nakubaliana nayo kwa upande wa habari. Mashirika kama Reuters na AP, na hata shindano la World Press Photo, hayataki kitu kiongezwe wala kiondolewe ndani ya picha ya habari. Atakayeipeleka picha hii kama fremu moja ya mechi amedanganya, na astahili kukataliwa.

Lakini sikubali kwamba yenyewe ni udanganyifu. Kila mwili ulio ndani yake ulikuwepo, mahali pale pale, kwa mpangilio ule ule, ndani ya sekunde mbili. Ndiyo sababu nimekataza hapo juu kuchanganya miruko miwili. Andika chini yake wazi: "Picha iliyounganishwa kutoka fremu 6 za mruko mmoja." Mimi huandika hivyo kila mara, na kocha anayeitazama anaipata thamani yake: anaona kijana wake anafunguka mapema au anachelewa kukunja magoti. Hata kwenye ukurasa wa michezo inaweza kutumika kama mchoro wa maelezo, ikiwa na maandishi hayo.

#18 Kalamu_Posta

Kwa maandishi hayo nakuunga mkono. Yawe sehemu ya picha, yasiwe kwenye maelezo ya chini peke yake, maana watu wanapakua picha na kuacha maelezo.

#19 Lenzi_ya_Pwani

Nakubali, nitafanya hivyo.

#20 Picha_za_Harusi_Tabata

Wakuu mimi riziki yangu ni harusi. Wasimamizi wanataka ile ya kuruka, na mara nyingi tuko ukumbini usiku. Nimejaribu, fremu moja ina njano, nyingine nyeupe, nyingine giza. Mipangilio yote nimefunga.

#21 Lenzi_ya_Pwani

Hizo ni taa za ukumbi, kamera yako haina kosa. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi hupwaya mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, lakini shata ya 1/1000 inachukua kipande kidogo tu cha mpwayo huo, mara juu mara chini. Ukishuka hadi 1/100 fremu zote zitalingana, ila wasimamizi watakuwa ukungu.

Kamera nyingi za miaka ya karibuni zina kizuia mpwayo kwenye menyu, kinaisubirisha shata mpaka taa iwe juu, na mwendo wa fremu unapungua kidogo. Usiku pia epuka shata ya kielektroniki kama kamera yako inayo: inasoma picha mstari kwa mstari, kwa hiyo taa zinaacha mikanda na miguu iendayo kasi inapinda.

Njia ya pili ni fleshi ikiwa kwenye nguvu ndogo, 1/16 au 1/32. Kwenye nguvu hiyo inawahi kujijaza kati ya fremu na fremu, na mmweko wake ni mfupi kiasi cha kumgandisha mtu hata shata ikiwa 1/200. Sogeza fleshi karibu nao.

Ila ningekuwa wewe ningezungumza na MC, niwatoe nje wasimamizi saa kumi na moja kabla ya kuingia ukumbini. Waruke mmoja mmoja wakipita mbele yako, siyo wote pamoja.

#22 DadaKimara

Swali la mwisho kwangu. Nimejaribu ile amri ya Fundi imekubali. Sasa nataka mjomba wangu akitupa kimia Kunduchi, kile kimia kinavyofunguka hewani. Lakini yeye anasimama tu hapohapo majini, si fremu zitafunikana kama mlivyosema?

#23 Lenzi_ya_Pwani

Swali zuri sana hili dada. Kwa mjomba, mwili usiurudie. Mchague yeye mara moja, kwenye ile fremu mkono umeshanyooka na kimia kinaanza kuachia. Kinachosafiri ni kimia, basi ndicho kirudiwe: kikiwa bado kimejikunja, kikiwa nusu wazi, na kikiwa duara kamili kabla hakijagusa maji. Vitatu vinatosha.

Kusafisha nyuzi za kimia kwa brashi hutaweza, matundu ni mengi mno. Kwa hiyo simama upande ambao kimia kitafunguka mbele ya anga na siyo mbele ya mitumbwi, alfajiri, simu ikiwa chini karibu na maji, naye atupe sambamba nawe kutoka kushoto kwenda kulia. Fremu za kimia zitie Darken, nyuzi nyeusi zitakaa juu ya anga zenyewe. Maji ya chini yafunike kwa maski, yabaki ya fremu ile ya mjomba. Na mwambie akitupe mbali kidogo kuliko kawaida yake, vile vimia vitatu vipate kuachana.